Kidevu cha Baba

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila maji ya huku asubuhi yana baridi ya kumtoa mtu pepo. Natumaini na nyie hamjambo hapo nyumbani: wewe, Shemeji kama amerudi safarini, na mpwa wangu, ambaye nasikia siku hizi sauti yake inamshinda hata mama yake, kama hilo linawezekana. Baba mpe shikamoo yangu. Iseme kwenye sikio la kulia, la kushoto najua limeshastaafu.

Kazi inaendelea. Bado niko kule karakana, kwenye chumba cha kupulizia magari rangi, na hapo ndipo ilipo habari yangu. Usinicheke. Chumba kile huingii bila barakoa ya mpira, na barakoa haishiki kwenye uso wenye ndevu hata kidogo. Rangi inapenya pembeni, jioni unakohoa rangi ya gari la mtu. Kwa hiyo kila asubuhi msimamizi anatupitishia kiganja mashavuni, watu wazima tumepanga mstari. Akikuta unakwaruza, siku hiyo unakwenda stoo kupanga makopo. Mimi nikawa najinyoa kila siku, kavukavu, kwa vile viwembe vya plastiki vya kutupa, mpaka shingo ikajaa vipele. Barakoa ikigusa pale, machozi yananitoka yenyewe.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja anayenyoosha bodi za magari yaliyogongwa, tunamwita Mzee Nyundo. Alinitazama shingo akaniuliza, "Kijana, wewe unajinyoa au unajichuna?" Kesho yake akaja na brashi, kipande cha sabuni, bakuli, na mashine ya chuma, ile nzito ya kufungia wembe wa pande mbili. Akanifundisha palepale kwenye sinki la karakana. Uso kwanza uloweshwe kwa maji ya moto. Sabuni ikorogwe mpaka iwe povu zito, brashi izungushwe usoni bila haraka mpaka ndevu zilainike, halafu mashine iachwe ishuke kwa uzito wake yenyewe, ikifuata ndevu zinavyolala. Dada, niliposikia ule wembe unavyokwaruza ndani ya povu, nilisimamisha mkono nikasikiliza. Ile ilikuwa sauti ya Baba uani, sisi tukiwa bado kitandani.

Sasa vipele vimekauka, na asubuhi ambayo nilikuwa naiogopa ndiyo naisubiri. Wenzangu nao wameanza kutafuta brashi. Mmoja ana vipele kama mimi, mwingine mkewe kaipenda harufu ya sabuni, na mwingine anasema hizo ndizo dakika pekee za siku ambazo hakuna anayemwita.

Naomba umuulize Baba: pale chini ya taya, panapoingia shingoni, yeye alikuwa anafanyaje? Pananishinda. Na umwambie mwanawe ananyoa kama yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda

2 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba. Barua yako imefika imelowa pembe moja, lakini inasomeka. Sisi wazima. Shemeji yako alirudi, akala, akalala, akaondoka tena na lori lake. Mpwa wako ana mitihani na amenuna, hata paka anampisha. Mimi nina mashati ya sare ya shule nzima juu ya meza, kola juu ya kola, mpaka naota kola.

Nimemsomea Baba barua yako. Alicheka. Nakwambia alicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini. Akasema, "Ehee! Hiyo ndiyo damu yangu!" Akaanza kuongea, na hakunyamaza mpaka chai ikapoa: habari za zamani zake akikagua tiketi, jinsi alivyokuwa akijinyoa ndani ya treni inayokwenda, mguu mmoja ameukaza mlangoni, na hajikati. Mimi ni mwanawe wa kwanza, na habari ya mguu mlangoni ndiyo kwanza naisikia.

Sasa nikuulize wewe uliye damu yake. Nani anamnyoa Baba tangu mkono wake ulipoanza kutetemeka? Ni mimi. Kila asubuhi, uani, kabla sijagusa cherehani. Namfunga shuka shingoni, nasimama nyuma ya kiti kama kinyozi, namkorogea povu, namnyoa kwa mashine yake ileile. Na miaka yote hiyo, nikiwa na wembe mkononi, Baba hajawahi kuniambia neno. Hata asante. Hata kwamba namuumiza. Ananyamaza mwanzo mpaka mwisho, nami nakusanya vyombo vyangu naondoka. Wewe umejinyoa mwezi mmoja huko kwa watu, umeshapewa treni nzima.

Sifichi, nimeona wivu. Nilikaa na kijiba cha roho siku nzima, nikashona kola kichwa chini miguu juu, ikabidi nizifumue.

Kuhusu hapo chini ya taya, Baba anasema anzia chini upandishe juu, na ukandamize kidogo. Ndiyo hayo tu.

Dada yako

29 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini kola zimepungua na mpwa wangu ameacha kununa. Mimi mzima, isipokuwa shingo.

Nilifuata maagizo ya Baba, chini kwenda juu, na kukandamiza nikakandamiza. Nilifika kazini na vipande vya karatasi vimeganda shingoni kuzuia damu. Msimamizi akaniuliza nilikuwa nagombana na nani. Mzee Nyundo akataka asomewe barua yenyewe. Akasikiliza, akawaza, akasema, "Aliyeandika haya ama hajui kunyoa, ama hakupendi." Nikamjibu kwamba dada yangu anajua sana kunyoa.

Halafu Baba namjua. Baba akiingia kwenye habari za treni hashuki mpaka kituo cha mwisho. Wewe umeniletea mstari mmoja na nusu. Mengine umeyaweka wapi?

Na huo wivu wako ndio umenichekesha, kisha ukanikera. Unaona wivu wewe, unayemshika Baba kidevu kila siku? Nimekaa nikajaribu kukumbuka ni lini mimi niligusa uso wa Baba. Sikukumbuka. Siku naondoka alinipa mkono, akaniambia nisisahau mwavuli. Ndiyo hivyo. Nikijipaka povu mbele ya kioo namwona yeye, nanyoosha mkono, nagusa kioo. Basi chukua wewe treni, na mguu mlangoni, na damu, mimi unipe asubuhi moja tu ya hizo zako.

Nimemtumia brashi mpya ya manyoya laini. Nimeitia ndani ya soksi ili mpini usivunjike, na soksi ni safi. Mpake nayo. Na ukimpaka, unikumbuke.

Kitinda

17 Mei

Kitinda,

Marahaba. Sisi ni wazima, ukimtoa mimi. Mpwa wako amefaulu, uso umekunjuka. Shemeji yako anakusalimu kutoka huko barabarani aliko.

Ile habari ya chini ya taya, kalamu iliteleza.

Brashi imefika. Ni nzuri, sina la kusema. Asubuhi ileile nilimfunga Baba shuka, nikakoroga sabuni kwa brashi yako, povu likaja kama maziwa. Kabla sijamgusa shavu akanishika mkono. "Hapana," akasema. "Hii ni ya Kitinda. Atakuja kuninyoa nayo mwenyewe." Nikadhani ananitania. Nikachukua brashi ya zamani. Nayo akaikataa. Akajifungua shuka kwa mkono wake ule unaotetemeka, mwenyewe, fundo moja kwa muda mrefu, nikisimama namtazama kwa sababu hakutaka nimsaidie. Akaingia ndani. Tangu siku hiyo Baba hanyolewi. Anakungoja wewe.

Unazijua ndevu zake, nyeupe, ngumu, na kila moja imeelekea kwake kama zimegombana. Akinywa chai nusu inabaki humo. Jana jirani aliniuliza, kwa ile sauti yake ya kunionea huruma, kama nimechoka kumtunza mzee. Mimi! Nilimpa jibu lake, na alipofika mlangoni kwake nikampa jingine.

Asubuhi bado naamka wakati uleule. Nachemsha maji kwa mazoea, halafu nayamwaga. Nilikuwa nailalamikia kazi hii, na barua yangu unayo, siwezi kukana. Umeninyang'anya ndiyo nikajua kwamba ilikuwa yangu. Nakuchukia kidogo, mdogo wangu. Heri nikuambie wewe kuliko nimwambie jirani.

Likizo yako ni Juni. Njoo umnyoe baba yako.

Dada

20 Julai

Dada yangu,

Shikamoo, na unisamehe kimya. Magari yamekuwa mengi, mwenzetu mmoja aliumwa, na likizo ya Juni ikasogea. Kisha ikasogea tena. Nimefurahi kusikia habari za mpwa wangu, mwambie mjomba wake anajivuna naye mbele ya watu wasiomjua.

Nimeandika hayo juu nikayasoma, nikaona hata wewe huwezi kuyaamini. Likizo nilipewa. Nilifungasha begi, nikafika kituoni, nikakaa kwenye benchi mpaka basi likajaa na kuondoka. Nikarudi chumbani na begi langu.

Sababu ni hii. Kabla ya kuja, nilimwomba Mzee Nyundo nimnyoe kwa mazoezi. Akakubali, akakaa juu ya ndoo, akafumba macho. Dada, kumbe kujinyoa na kumnyoa mtu ni vitu viwili kabisa. Uso wako unakuambia mwenyewe, hapa punguza, hapa geuza. Uso wa mtu haukuambii kitu mpaka umeshaumia. Nilimkata juu ya mdomo na chini ya sikio. Akaniambia nisijali, bodi yake imeshazoea kugongwa. Lakini ile ni ngozi ya Mzee Nyundo. Ya Baba nimeikumbuka, laini, imelegea shingoni, na mkono wangu ukaniambia wazi kwamba hauendi.

Wewe unafanyaje pale ngozi inapolegea? Uliyajuaje hayo bila kufundishwa na mtu? Hilo ndilo donge langu. Mimi nilipewa maneno kwa barua, wewe mkono ukaupata huko huko uani, peke yako, na hata hukuniambia kwamba ni jambo gumu.

Tafadhali mbembeleze akubali wewe umnyoe. Mwambie nimesema mimi.

Kitinda

9 Agosti

Kitinda,

Marahaba. Wote wazima.

Simbembelezi mtu. Amesema Kitinda, basi ni Kitinda. Nilipomwambia umesema nimnyoe mimi, aliniambia sijui kusoma vizuri, nirudie. Sasa ndevu zimefika kifungo cha shati. Wiki iliyopita alikuja mtu kuchukua sare za wanawe, Baba akamwambia, "Mwanangu anakuja kuninyoa. Anakuja leo." Alikuwa amevaa viatu, na kamba nilikuwa nimemfunga mimi. Aliketi navyo kutwa nzima akitazama mlango.

Sikufichi, nilimtazama akingoja nikawaza, mimi nikitoka dukani nikichelewa, kuna siku amewahi kunivalia viatu?

Kama wewe nawe una wivu wako, uchukue, uutie kwenye hilo begi, uje unionee hapahapa tukitazamana.

Dada

14 Septemba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimerudi salama kazini baada ya ile wiki ya nyumbani, begi limefika, na mashati uliyonishonea yamezua maneno karakana, wenzangu wanauliza hizo kola zimekatwa na nani. Mpe Baba shikamoo yangu. Mwambie mpwa wangu kitabu chake nimekibeba kwa bahati mbaya, nitakirudisha.

Kuna jambo nililiona huko nikaondoka nalo. Nilikuwa na nafasi ya kukuambia wiki nzima, kila siku nikasema kesho. Sikutaka ulijue. Leo nimechoka kulibeba, kwa hiyo soma ukiwa umekaa.

Asubuhi ile niliponyoa mimi, ulikuwa unakunja nguo kwenye kamba, umetugeuzia mgongo makusudi. Kwa hiyo hukuona. Nilianza na shavu la kulia. Baba akaanza kuongea papo hapo. "Anzia sikioni. Subiri. Vuta ngozi. Sio hapo. Umelowesha wembe? Kwenye treni mimi nilikuwa nakaza mguu. Taratibu. Taratibu, mwanangu." Hakupumua. Nami moyo ukafunguka, nikawaza, haya ndiyo aliyonayo kwa ajili yangu. Kisha nikasikia kitu kinagongagonga. Ilikuwa miguu ya kiti juu ya sakafu. Mikono yake ilikuwa imekamata kiti chini ya shuka, na inatetemeka mpaka kiti kizima kinacheza. Nilipofika kooni mkono wangu nao ukaanza. Hapo ndipo nilipokuita, na wewe, tuseme ukweli, hukuipokea ile mashine, uliipokonya.

Ukasimama nyuma yake, ukaegemeza kichwa chake tumboni kwako. Akanyamaza. Ukanitazama kwa yale macho, kwamba unaona, ndivyo anavyonifanyia. Mimi sikuwa na pa kuweka mikono, nikachuchumaa mbele yake, nikaipitisha chini ya shuka, nikamshika mkono wake.

Ulikuwa unatetemeka ndani ya wangu. Wewe ukapitisha wembe shavuni, mkono ukapunguza kutetemeka. Ukashuka kidevuni, mkono ukapunguza tena. Ulipofika kooni, pale pale mimi niliposhindwa, mkono ukaacha kabisa. Nilishtuka, nikadhani jambo baya limempata. Nikanyanyua macho. Kutoka nyuma wewe unaona kidevu na povu tu. Mimi nilimwona uso wote. Mdomo ulikuwa umelegea, pumzi inakwenda na kurudi. Alikuwa amelala, Dada. Wembe uko kooni na yeye amelala fofofo. Na wewe mwenyewe ulinieleza kwamba usiku hapati usingizi, anazunguka chumbani mpaka kunakucha.

Uliposema "Tayari, Baba" na kumgonga bega, mkono ukaanza tena kutetemeka ndani ya wangu.

Nimelifikiria njia nzima. Yale maneno yote aliyonimwagia ni ya mtu aliyekuwa anaogopa. Mimi ananipenda, sina shaka, kutwa alinishika bega akinionyesha kwa majirani. Lakini wembe akiwa nao wewe, haogopi. Kwako ananyamaza kwa sababu hayupo hata wa kunyamaza, amekwenda zake kupumzika. Niliichukia bahati yako nikiwa pale pale nimechuchumaa, na nikaficha. Ndilo hilo nimekuletea.

Kitinda

6 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Wote hatujambo. Shemeji yako yuko nyumbani wiki hii na amejaza nyumba nzima kwa miguu yake. Kitabu kirudishe upesi, mwenyewe hana subira.

Barua yako niliisoma nikakasirika. Umekaa na jambo langu mfukoni kwako wiki nzima, unakula chakula changu, unavaa mashati yangu, unaniangalia nikinuna, na unanyamaza! Kisha nikasema huyu anatia chumvi, ametunga ili nimsamehe. Nikaikunja barua, nikaiweka chini ya cherehani, siku zikapita. Sikutaka kutazama. Niliogopa nitazame nisikute kitu.

Leo nimetazama. Nilimfunga shuka lakini mikono yake nikaitoa nje, nikaiweka juu ya magoti nipate kuiona. Nikalowesha, nikapaka, nikaanza. Ilicheza kama kawaida. Nilipomaliza shavu la pili ilikuwa inacheza kidogo. Nilipofika kidevuni ilikuwa imetulia, viganja vimefunguka juu ya magoti, kama mikono ya mtu ambaye hajawahi kuumwa. Sikujua kwamba bado ana mikono ile.

Nikamalizia koo. Nikamfuta povu. Nikafika pale ninaposema "Tayari, Baba," na sikusema. Nilibaki nimesimama nyuma ya kiti, kichwa chake tumboni kwangu. Mteja akabisha hodi, akabisha tena, nikamsikia akiondoka. Shemeji yako akatokeza mlangoni kuuliza chai iko wapi, nikamtazama, akarudi ndani.

Usiniulize nilisimama mpaka saa ngapi, na ukija usimuulize mtu. Hiyo sikugawii. Hiyo ni yangu.

Dada yako